Chenga za Mchele kwa Meza ya Watu Watatu

Karata hazipendi bahari. Hilo ndilo la kwanza nililofundishwa kazini, na ndilo la kwanza ninalowaandikia ninyi mliobaki hotelini. Hewa ya chumvi ikiingia dirishani karata inavimba, ncha zinajikunja, na mgeni mwenye macho makali akishaizoea ncha moja tu, ataitambua karata ile hata ikilala kifudifudi. Dawa yake ni kopo la biskuti lenye chenga za mchele. Mkifunga chumba mnazilaza karata humo, chenga zinanyonya unyevu, na kesho yake karata zinateleza mkononi kama zimetoka dukani. Juzi Rehema, aliyeshika nafasi yangu, aliuliza kwenye grupu letu la simu: kwa nini chumba cha karata kina kopo la mchele wakati jiko liko ng'ambo ya uwanja? Nikasema loo, kumbe watoto hawa nimewaachia kopo bila maelezo. Basi maelezo ndiyo haya, na msiponisoma mpaka mwisho, shauri yenu.

Vyeo na mishahara sivigusi. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua maana ni ule ule. Mimi Zuhura, Mzaramo wa Bagamoyo mjini, niligawa karata katika hoteli yetu ya ufukweni tangu nywele zangu zote zikiwa nyeusi. Nimestaafu majuzi tu, ingawa mgongo ulinitangulia.

Mama yangu, Allah amrehemu, alipopata habari kwamba mwanawe amepata kazi ya karata, alinikalisha kitako.

"Kuna kamari huko?"

"Hakuna, mama. Mwenye hoteli amekataza fedha mezani. Wageni wanachezea vifungo."

"Vifungo vya mashati?"

"Vya plastiki. Vinafanana tu."

"Na anayevikomba vyote anapata nini?"

"Anakaribishwa chakula cha jioni. Pweza."

Mama akafikiri kidogo. "Wa kuchoma au wa nazi?"

Hapo nikajua nimeruhusiwa.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kukopa na nikamwaga karata zote sakafuni mbele ya wageni. Zilitawanyika mpaka chini ya kabati. Aliyekuwa akinifundisha alikuwa Mzee Kibwana, Mkwere wa Miono, mtoto wa wakulima wa mpunga, mwembamba, mwenye koti la kahawia ambalo hakulivua hata jua la Januari likiwaka. Hakunigombeza. Alizitazama karata zile, akatikisa kichwa, akasema, "Umegawa kwa haki, binti. Kila pembe ya chumba imepata." Wageni wakaangua kicheko, nami nikatamani ardhi inimeze. Baadaye nilimshukuru, maana mgeni akishacheka hakumbuki tena kukulaumu.

Msije mkadhani Kibwana alikuwa walii. Alikuwa mbishi, akikoroma kwenye kiti mchana, na chai ya wenzake aliinywa bila aibu kama yake. Lakini karata alizijua, na mchezo aliokuwa akiusimamia ulikuwa ule wa wageni, poka. Kwa wale wa mapokezi wasioujua nitaueleza kwa ufupi. Kila mchezaji anapewa karata mbili kifudifudi, azione peke yake. Kisha mezani zinafunuliwa tano za wote: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Kila hatua unaweza kufuata walichoweka wenzako, unaweza kupandisha, au unatupa karata zako na kukaa pembeni. Mwenye mkono bora ndiye anayekomba vifungo, au yule aliyewatisha wenzake wote wakatupa. Na kila mkono ukianza, kuna mtu mmoja anayelazimika kutoa vifungo kabla hajaona kitu. Hicho tunakiita kianzio, na kinazunguka meza kwa zamu.

Kianzio hicho ndicho kinachowatoa watu jasho. Kiangazi, hoteli ikijaa, meza ina watu tisa, na unaweza kukaa kimya ukitupa karata mbaya mpaka upate wafalme wawili au ree, yaani ile karata ya moja inayowazidi wote. Kianzio kinachelewa kukufikia. Lakini masika ikiingia, barabara ikawa tope, wageni wakabaki wawili au watatu, kianzio kinakurudia kama zamu ya kufagia uwanja kwenye nyumba yenye wapangaji watatu. Umefagia juzi, leo tena ni wewe. Ukikaa kungoja wafalme, vifungo vitakwisha mkononi mwako na wafalme hawajafika.

Kibwana alinifundisha jambo hili kwa lile kopo. Alichota mchele akanimiminia kiganjani.

"Hii nini?"

"Chenga."

"Kwenu mkiwa na shughuli, watu wamejaa, mnapika chenga?"

"Aa, tutachekwa. Tunapika mchele mzima."

"Na mkiwa watatu nyumbani, mvua inanyesha?"

"Chenga zinatosha. Tena tamu zaidi, zikipata tui."

"Na pumba?"

"Za kuku hizo, mzee."

"Hata mkiwa wawili?"

"Hata ningekuwa peke yangu!"

"Basi umeshajua poka," akasema, akaichukua chai yangu akainywa.

Tangu siku ile tuliziita hivyo, na ndiyo maana mnasikia wahudumu wa zamani wakisema "amepata chenga" na ninyi mnashangaa. Bibi na saba ni chenga. Ghulamu, yule kijana wa chini ya bibi, na nane ni chenga. Tisa na nane za kopa, zinazofuatana na za aina moja, ni chenga nzuri sana. Ree na nne, meza ikiwa imejaa, nakuomba utupe. Mkiwa watatu, pandisha bila wasiwasi. Sababu yake si uganga. Watu wakiwa wengi, lazima kuna mmoja aliyepewa mchele mzima. Mkiwa watatu, kuna uwezekano mkubwa kwamba hao wawili nao wameshika chenga kama wewe, na atakayetangulia kupandisha ndiye anayewatia wenzake mashaka. Ila mbili na saba ni pumba. Usiniambie umeota, usiniambie ni siku yako ya kuzaliwa. Tupa.

Na mjue pia mnakaa wapi. Ukiwa wa mwisho kusema, umeshawaona wenzako wamefanya nini, basi chenga zako zina thamani zaidi. Ukiwa wa kwanza kusema, punguza ujasiri. Na chenga zikikupa kitu kidogo mezani, jozi ya saba kwa mfano, usifunge nayo ndoa. Mwenzako akipandisha mara ya pili kwa uso mkavu, mpe talaka mapema, uhifadhi vifungo vyako.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kuna maharusi waliokuja fungate katikati ya masika, mume amesomea mchezo kwenye simu, mke ndio kwanza anashika karata. Meza ilikuwa na watu wawili tu, basi ikabidi Kibwana ajaze kiti. Hiyo ilikuwa desturi ya chumba chetu: wageni wakipungua chini ya watatu, mfanyakazi mmoja anakaa acheze nao ili mchezo usife. Mume alingoja karata nzuri. Akangoja weee. Mke akacheza kila chenga iliyompitia na kupandisha huku akicheka, na vifungo vya mume vikawa vinahamia upande wa pili kimoja kimoja. Mwishowe mume akanikazia macho.

"Dada, wewe unampendelea mke wangu."

Mgeni akikwambia hivyo usibishane. Nilimsogezea karata. "Changanya mwenyewe, bwana. Na ukipenda, gawa mwenyewe."

Alichanganya, akagawa, akashindwa. Mke akala pweza, mume akasema hana njaa. Asubuhi nikawaona wameshikana mikono ufukweni, nikashusha pumzi, maana sikutaka ndoa ya watu ivunjike kwa sababu ya bibi na saba.

Sasa nifike kwa Bwana Maganga.

Alikuja kuwa meneja wetu masika moja mbaya, mvua haikatiki, hoteli tupu, vyura wameingia mpaka mapokezi. Mtu wa Tabora, mnene kiasi, msafi, mwenye adabu. Alimwamkia Kibwana "shikamoo mzee" kwa mikono miwili. Kisha akakizunguka chumba cha karata, akapima kwa hatua, akatuambia bila kuzungusha maneno.

"Chumba hiki nataka kiwe stoo ya magodoro. Magodoro yanaoza kule nyuma, na hapa sioni wageni."

"Na sisi?" nikauliza.

"Dada Zuhura, sina kazi nyingine ya kuwapa. Uamuzi umeachwa kwangu, nami sipendi kuwadanganya."

Nakwambieni ukweli, niliogopa. Nilikuwa na watoto wawili wanasoma na mume niliyebaki naye jina tu. Sikuwa najua kazi nyingine. Na zaidi ya yote nilikipenda chumba kile: kitambaa chake cha kijani, dirisha lake linalogoma kufunga, mlio wa karata zikichanganywa. Kibwana naye, umri ule, nani angemwajiri? Alikuwa akisema angerudi Miono kulima, lakini goti lake halikuweza hata ngazi za mapokezi. Chumba kikifungwa, wote wawili tulikuwa tumekwisha.

Nilimtazama Kibwana nikitegemea atabembeleza. Wapi! Yeye alikuwa amemwinamia meneja kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

"Hebu ngoja. Tabora gani? Mnyamwezi wewe?"

"Mnyamwezi kamili, mzee."

"Alhamdulillahi! Mtani wangu!" Kibwana akapiga makofi. "Wazee wako walikuja pwani hii na mizigo kichwani, wakaitua, wakarudi. Nawe umefuata nini? Magodoro?"

Bwana Maganga alijitahidi kubaki na uso wa meneja, ukamshinda. "Na ninyi Wakwere mliwauzia maji ya kisima kwa bei ya asali. Nimekuja kudai chenji."

Wanangu, mlio wageni wa pwani labda hamjui vizuri. Wanyamwezi na watu wa huku wametaniana tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana usoni, anakunyang'anya kitu chako mchana kweupe, na ukikasirika wewe ndiye mwenye aibu. Kitu alichokikamata mtani hukichukui kwa nguvu wala hukishtakii. Unamlipa fidia mnayokubaliana mbele ya watu, ndipo unarudishiwa. Meneja au waziri, utani hauangalii tai.

"Mtani," akasema Kibwana, "unafunga chumba cha karata na hujui karata."

"Nani hajui? Chuoni tulikuwa tunakaa watu tisa, kumi, mpaka majirani walalamike."

"Kaa basi. Tuko watatu. Ukishinda, ufunguo unaupata leo bila maneno. Ukishindwa, unangoja kiangazi uone chumba kikijaa wageni ndipo uamue."

Bwana Maganga alitazama mvua dirishani. Hakukuwa na la kufanya hoteli nzima. Akavuta kiti.

Tuliswali alasiri kwanza. Halafu tukagawana vifungo sawasawa, na kila mmoja akawa anagawa karata kwa zamu. Nilikuwa nimewahi kujaza kiti mara nyingi, lakini kwa pweza wa mtu mwingine, si kwa kazi yangu.

Bwana Maganga alikuwa mchezaji mzuri, msikose kumpa haki yake. Ila alicheza kama bado yuko chuoni na watu tisa. Alitupa, akatupa, akatupa tena, mpole, anangoja mchele mzima, na kianzio kikawa kinamrudia na kumdonoa. Kibwana yeye alicheza kila kitu. Chenga, pumba, yote alipandisha, akimwimbia mtani wake nyimbo za wapagazi alizozitunga pale pale. Nilimkanyaga mguu chini ya meza.

"Mzee, punguza."

"Niache. Namchosha."

Hakumchosha mtu. Alipandisha kwa saba na nane, Bwana Maganga safari hii akawa na ree mbili, na vifungo vya Kibwana vikaenda vyote. Akasimama, akajinyoosha, akasema "nimewaachia vijana," akaenda kumimina chai.

Tukabaki wawili. Hapo nilitulia, maana mkiwa wawili hata chenga zenyewe zinakuwa sikukuu. Nilipandisha kwa bibi na tano. Nilipandisha kwa mfalme na tatu. Alitupa. Nilipandisha kwa ghulamu na sita, akafuata, mezani hakikumfaa kitu, akatupa. Kidogo kidogo rundo langu likapanda mpaka likawa karibu sawa na lake. Jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo, naye akaanza kunitazama kwa heshima. Nilisikia raha moyoni, sitaficha.

Kisha nikapewa tisa na nane za kopa. Mnazikumbuka? Chenga nzuri sana. Nikapandisha, akafuata. Tatu za mezani zikafunuliwa: tisa ya shupaza, nne ya kopa, mbili ya kopa. Nina jozi ya tisa, na kopa moja tu ikija nimepata kopa tano, mkono unaozidi jozi yoyote. Bwana Maganga akasukuma vifungo vyake vyote katikati kwa viganja viwili.

Nilijua ana kitu kikubwa. Nilijua pia kwamba kwa karata zile kutupa ni woga. Nikasema, "Nafuata." Akafunua wafalme wawili. Yeye alikuwa mbele, mimi nilikuwa na milango mingi ya kutokea. Ikaja tano ya pau. Nikashika ukingo wa meza. Ya mwisho ikaja ghulamu ya uru. Hakuna kopa, hakuna tisa, hakuna nane.

Bati lilikuwa linapigwa na mvua. Bwana Maganga hakufurahi, hata kidogo. Alisema taratibu, "Pole, dada Zuhura. Umecheza vizuri kuliko mimi."

Machozi yalinilenga. Nilimtazama Kibwana nimwombe radhi, naye akaniambia, "Mkono ule hata mimi ningeufuata. Usilie kwa karata." Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa ufunguo. Mnaujua, ule mrefu wa shaba, wa peke yake, maana vitasa vya namna ile havitengenezwi tena. Akauweka juu ya kitambaa cha kijani mbele ya meneja, kama walivyokubaliana.

"Asante, mzee," akasema Bwana Maganga, akainua kikombe cha chai anywe.

Kibwana akaurukia ufunguo kama paka. "Nimekamata! Zuhura umeona? Kitu cha mtani wangu nimekikamata mezani pake, mchana, macho yake yakiona!"

Nilipiga ukelele. Bwana Maganga akabaki na kikombe hewani, chai inamdondokea tai.

"Mzee, hiyo si haki."

"Nenda ukanishtaki! Waambie Tabora umeibiwa na Mkwere mwenye goti bovu."

"Fidia unataka nini?"

"Unibebe mgongoni kutoka hapa mpaka Chalinze, kama walivyobeba wazee wako. Na usinitue njiani."

Bwana Maganga alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akamtazama Kibwana, na goti lake, na koti lake, akanitazama na mimi. Akasema, "Chalinze sikubebi. Nitakubeba siku ya jeneza lako, mtani."

"Nimekubali!" Kibwana akapiga meza. "Shahidi Zuhura. Siku utakayobeba jeneza langu ndiyo siku ya ufunguo wako. Mpaka hapo usiuguse."

Na hakuugusa. Magodoro yalipelekwa banda la jenereta, yakawekewa mbao chini. Kila asubuhi meneja alipita mlangoni na kuuliza kwa sauti, "Mtani, bado hujafa?" na Kibwana akajibu kutoka ndani, "Nakungoja utangulie!" Wageni wa kiangazi walipokuja, walikaa kwenye veranda kusikiliza matusi yale kabla ya kuingia kucheza. Chumba kilijaa. Hakuna aliyetaja stoo tena.

Miaka ikaenda. Kibwana alipostaafu alinikabidhi ufunguo mbele ya meneja, kwa masharti yale yale, akarudi Miono. Bwana Maganga naye alipomaliza muda wake hakurudi Tabora. Alijenga nyumba ya wageni Chalinze. Kibwana alimpigia simu kumpongeza: "Umeshindwa hata kutembea mpaka kwenu?"

Siku niliyopigiwa simu kwamba Mzee Kibwana amefariki, nilikuwa nachanganya karata. Niliziweka ndani ya kopo, nikafunga mlango, nikaufunga ufunguo kwenye pindo la khanga, nikaenda Miono. Nililia njia nzima. Yule mzee alikuwa baba yangu wa kazini, na sina namna nyingine ya kulisema.

Uwanja ulijaa watu. Jeneza lilipotolewa ndani, wanaume wameliinua mabegani, wanawake tumesimama barazani na khanga zetu vinywani, nikaona mtu mnene, mvi tupu, anapenya katikati ya watu. Akafika mbele ya jeneza akalala chali njiani na suti yake, kwenye vumbi.

"Haendi mtu!" akapiga kelele. "Mwizi huyu! Hazikwi mpaka nirudishiwe ufunguo wangu!"

Watu waliangua kicheko cha kilio. Wajukuu wa Kibwana hawakumjua, wakataka kumwinua, wazee wakawakataza: mwacheni, mtani huyo. Nami sijui nilipata wapi nguvu. Nilitoka barazani nikafungua pindo la khanga, nikaunyanyua ufunguo juu wote wauone.

"Huu hapa! Lakini fidia hujalipa, Bwana Maganga. Mimi ndiye shahidi. Ulisema utambeba."

Alinitazama kutoka pale chini. Kisha akainuka polepole, akajipangusa, akaenda mbele ya jeneza, akaingiza bega lake. Wanaume wanapokezana njiani, mnajua. Kila hatua chache mtu anampisha mwenzake. Walioona waliniambia yeye alikataa kupokewa. Vijana walimsihi, "Mzee, tupe sisi," naye akasema mtani wake alimwagiza asimtue njiani. Alimbeba mpaka makaburini.

Aliporudi shati limelowa jasho, nikampelekea maji, na sahani ya wali, na ufunguo. Akaugeuzageuza kiganjani.

"Na kesho mtafungua mlango kwa ufunguo gani?" akauliza, akaurudisha mkononi mwangu.

Nikamuuliza jambo lililonikaa rohoni miaka yote ile. "Bwana Maganga, mafundi wa vitasa wamejaa Bagamoyo. Ungemwita mmoja, asingemaliza hata kikombe cha chai. Kwa nini hukumwita?"

"Mtani wangu siku ile hakuwa na kitu mkononi, Bi Zuhura. Pumba tupu. Na akapandisha." Akacheka kidogo. "Unadhani lile neno la jeneza lilinitoka tu? Karata nzuri nilikuwa nazo mimi. Nikazitupa."

Akainamia sahani yake, akaanza kula.

Rehema, ufunguo niliokukabidhi ndio huo. Chenga za kwenye kopo zibadilishe kila masika ikianza. Na siku akija meneja mpya akasimama mlangoni kupima chumba kwa hatua, usimjibu neno, usilie. Mkaribishe chai, halafu muulize kwao ni wapi.